Bwana Koti na Mstari wa Chini

Kisa hiki nimetumiwa na mtu aliyetumiwa na mwingine, nami sioni sababu ya kukikalia. Kisome ukiwa umetulia, kisha mpelekee mmoja tu anayependa kubandika matangazo ukutani.

Zamani kidogo, enzi za tivii zenye kisogo, palikuwa na banda la gemu Makambako, mji ambao mwezi wa sita watu huvaa sweta juu ya sweta na bado meno yakagongana. Mwenye banda alikuwa Mzee Mtewele, karani mstaafu wa masjala. Alitumikia mafaili miaka thelathini na moja, na siku ya kustaafu ilipofika akashindwa kuacha. Alipata tivii moja, mashine moja ya gemu na mabenchi mawili, akaweka meza mlangoni, akapaita Ofisi.

Mtoto aliyetaka kucheza hakusema anataka kucheza. Aliandika jina kwenye daftari, akakaa benchi, akasubiri kuitwa kwa jina la baba. Aliyechelewa kuitika aliambiwa faili lake halionekani.

Kila karatasi ndani ya banda ilikuwa imegongwa muhuri. Mzee alikuwa na muhuri mmoja tu, aliotoka nao kazini kwa njia ambayo hakupenda kuulizwa, nao uliandikwa IMEPOKELEWA. Tangazo la kutokula miwa ndani lilikuwa limepokelewa. Kalenda ya mwaka juzi nayo ilikuwa imepokelewa. Kutoka kwa nani, hakuna aliyewahi kuuliza, maana muhuri ni muhuri.

Gemu ilikuwa moja, ya kupigana. Sidii yake ilichomwa huko mbali, na maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Watoto waliwapa wapiganaji majina wenyewe. Kila mtoto alimpenda stelingi, kijana kifua wazi mwenye mateke ya hewani. Kila mtoto isipokuwa Edina Mgaya, mwenye miaka kumi na mmoja. Yeye alimpenda adui.

Adui alikaa mwisho kabisa, baada ya mapambano manane, kwenye ukingo wa korongo. Walimwita Bwana Koti kwa sababu ya koti lake jeusi refu hadi kifundoni. Edina alisema ndiye mtu pekee kwenye gemu nzima aliyevaa kulingana na hali ya hewa ya Makambako. Tena alikuwa na adabu. Wenzake walianza kupiga kabla kengele haijalia. Yeye aliinama kwanza kumsalimu anayekuja kumpiga.

Shida ni kwamba Bwana Koti hakuweza kuchaguliwa. Pale pa kuchagua wapiganaji palikuwa na visanduku kumi na viwili ambavyo sura zake watoto walishazifungua kwa kucheza, na kimoja kilichobaki cheusi. Watoto walijua yumo humo. Namna ya kumtoa ndiyo hawakuijua.

Na mashine haikuwa na memori kadi. Umeme ukikatika, kila aliyefunguliwa alirudi gizani kama hajawahi kuwapo. Kilichobaki ni Daftari la Waliofungua, ambamo Mzee aliandika kwa wino mwekundu jina la mtoto wa kwanza kumfungua kila mpiganaji. Mistari mingine yote ilikuwa na majina. Mmoja ulikuwa mtupu kwa miaka mitatu.

Edina aliutaka mstari ule kuliko alivyotaka viatu. Na muda ulikuwa unamwishia: Jumamosi angepelekwa Tunduma kwa shangazi yake, akaishi na kusoma huko. Ijumaa mchana ilikuwa zamu yake ya mwisho.

"Mgaya," Mzee akaita.

"Nipo, babu."

"Ofisini hakuna babu."

"Nipo, Msimamizi."

Akapewa pedi ya kuchezea. Nyuma yake alikaa Obadia, aliyekuwa na majina manne kwenye daftari lile na hakuacha mtu asahau.

"Leo unaaga?" Obadia akamuuliza. "Tukuandalie kabisa na keki?"

"Niandalie kunyamaza."

Alicheza vizuri kuliko siku zote. Akawapita saba, akamwangusha wa nane, akafika korongoni. Bwana Koti akainama. Edina naye, bila kujijua, akainamisha kichwa kidogo, benchi zima likacheka. Mzunguko wa kwanza akapigwa. Wa pili akashinda. Wa tatu alishinda akiwa amebakiwa na uhai mwembamba kama uzi.

Bwana Koti akapiga goti ukingoni, na kwenye kioo ikatokea mistari miwili ya Kijapani.

Hapa ndipo ilipokuwa habari yenyewe. Juu ya tivii palibandikwa karatasi ya Mzee:

TAFSIRI RASMI. Mstari wa juu: ENDELEA. Mstari wa chini: FUTA VYOTE. Ni marufuku kugusa mstari wa chini. Atakayekaidi atafungiwa mwezi mmoja.

Chini yake, muhuri. IMEPOKELEWA.

Mzee hakujua Kijapani hata cha kuombea maji. Alitafsiri kwa uzoefu. Miaka thelathini na moja ilimfundisha kwamba katika fomu yoyote, jibu la juu ndilo ofisi inalolitaka, na la chini ni la watu wanaotafuta matatizo. Watoto waliamini. Kwa miaka mitatu kila aliyefika pale alibonyeza juu, mpiganaji wake akamtia Bwana Koti teke la kifua, akaporomokea korongoni, gemu ikaanza upya.

"Mmalize," wakasema wa nyuma.

"Mmalize, tunasubiri zamu."

Edina alishafika pale mara nne, na mara zote nne alimsukuma. Alimtazama mtu yule aliyepiga goti, koti limetanda vumbini, akaona hii ndiyo mara ya mwisho wanaonana.

"Sitaki kumsukuma tena," akasema.

"We Edina, usilete mambo," Obadia akasema. "Soma karatasi."

"Nimesoma. Kesho naondoka. Nifungiwe mwezi, nitakuwa Tunduma."

Akabonyeza chini.

Hakuna kilichofutika. Bwana Koti alinyanyuka taratibu, akakung'uta koti, akainama. Kioo kikarudi pale pa kuchagua, na kisanduku cheusi kilikuwa na sura.

Benchi zima likasogea mbele kutazama. Edina akamchagua. Akatembea naye hatua tatu, akamwinamia stelingi, akampiga konzi moja safi sana.

Umeme ukakatika.

Tivii ikawa kioo cheusi chenye nyuso za watoto. Wa kwanza kusema alikuwa Obadia.

"Memori kadi haipo. Kwa hiyo haijatokea."

"Umeona kwa macho yako."

"Mimi nimeona umevunja sheria. Hilo nimeliona vizuri."

Edina akawageukia wengine. Mmoja akasema alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alivaa kandambili. Mwingine akasema alikuwa anatazama nje. Kila mmoja alijua kwamba kuwa shahidi wa mstari wa chini ni kukiri alikuwapo ulipoguswa.

Edina akaenda mezani.

"Msimamizi, wewe uliona."

Mzee Mtewele alivua miwani, akaanza kuifuta. Aliona. Meza yake ilitazama tivii moja kwa moja. Lakini akiandika jina la mtoto huyu kwa wino mwekundu, atakuwa amekiri pia, hata bila kusema, kwamba karatasi yenye muhuri ilikuwa uongo kwa miaka mitatu. Asipoandika, umeme umeshamfichia. Kesho mtoto atapanda basi na neno lake.

"Ofisi haioni, Mgaya," akasema. "Ofisi huletewa taarifa."

"Basi nakuletea."

"Kwa maandishi."

Alidhani litaishia hapo. Edina alichana ukurasa wa katikati ya daftari lake la hesabu, akaandika amesimama:

Mimi Edina Mgaya nimebonyeza mstari wa chini kwa hiari yangu. Haikufuta kitu. Bwana Koti alisimama. Naomba tuandikwe.

Mzee akaisoma mara mbili. Akakaa nayo kidogo kwenye neno la mwisho, maana mtoto hakuomba aandikwe, aliomba waandikwe. Akavuta muhuri, akagonga. IMEPOKELEWA. Kwa mara ya kwanza tangu banda lifunguliwe, muhuri ulisema kweli.

Kisha akafungua Daftari la Waliofungua, akachukua kalamu nyekundu, akaujaza mstari mtupu: Bwana Koti. Amefunguliwa na Edina Mgaya.

Obadia akasogea kusoma. "Kwa hiyo ile tafsiri, Mzee, ilitoka lugha gani?"

Watoto wakaanza kucheka, kwanza puani, halafu waziwazi. Mzee akawaacha wacheke. Akapanda kwenye benchi, akabandua karatasi, akashuka nayo mezani. Akachukua karatasi nyingine na kuandika muda mrefu, kwa mwandiko wa masjala. Alipomaliza akasimama, akasoma kwa sauti.

"Kwa Msimamizi. Kutoka kwa Msimamizi. Yah: kutafsiri lugha usiyoijua. Unaonywa kwamba umewazuia watoto kwa miaka mitatu kufanya jambo lisilo na madhara yoyote. Tafadhali usirudie."

Akajikabidhi barua, akaisaini kuwa ameipokea.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee akakaa, na sauti yake ikawa si ya Ofisi.

"Asubuhi, kabla hamjaja, huwa nacheza," akasema. "Yule wa koti nampenda mimi pia. Nimefika pale korongoni zaidi ya mara mia. Kila nikifika, kidole kinataka kushuka chini nione kuna nini. Kila siku namsukuma."

"Kwa nini usibonyeze?" Edina akauliza. "Mashine si yako?"

"Kuna tangazo."

"Si umeandika wewe?"

"Niliandika mimi," akasema Mzee Mtewele. "Lakini lina muhuri, mwanangu. Ningefanyaje?"

Umeme ulirudi saa kumi. Obadia ndiye aliyekuwa na zamu. Alishika pedi, akaigeuzageuza, kisha akaenda kuiweka mezani mbele ya Mzee.

Mzee Mtewele alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kifuani. Alicheza polepole na kwa hofu, maana hakuzoea kucheza mbele ya watu, na aliposhindwa, Edina alimshika kidole na kukiweka panapostahili. Ilichukua zaidi ya saa. Watoto waliotakiwa nyumbani kuchota maji hawakwenda. Mwishowe Bwana Koti akapiga goti, na mistari miwili ikatokea.

Mzee akatazama juu ya tivii. Palikuwa na alama nne za gundi tu.

"Nikikosea je?"

"Bonyeza, babu," Edina akasema.

Safari hii hakumsahihisha. Akabonyeza chini.

Funzo: Si kila katazo tunalolitii liliandikwa na mtu aliyejua, mengine tuliyaandika wenyewe siku tulipoogopa, tukayagonga muhuri, tukasahau kwamba mwandishi ni sisi.