Alama Tatu za Bi Nungu

Paukwa!

Pakawa!

Hee, hamjala leo? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Zamani, zamani za kale, wanyama walikuwa na mganga wao, Korongo. Korongo alikaa ng'ambo ya mto, wagonjwa wakakaa huku. Ukiugua, unakwenda kwa karani, Nungunungu, wenyewe wakimwita Bi Nungu. Bi Nungu anachomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, anachora alama kwenye ganda la mti, kwaru, kwaru. Kima analichukua lile ganda, anaruka matawi, pu, pu, pu, mpaka ng'ambo. Korongo anasoma, anatoa dawa, Kima anarudi nayo.

Alama zilikuwa tatu tu. Mstari mmoja, kichwa. Miwili, tumbo. Mitatu, mguu. Basi! Ngiri aling'atwa na nyuki puani, akaandikiwa kichwa, akaletewa dawa ya kulala. Akalala na pua imemvimba hivi! Wewe Mwanakombo, usicheke bado, sijafika pa kuchekesha.

Korongo akachoka. Siku moja akavuka kuja huku, akachora alama mpya kwenye jiwe kubwa, zikajaa jiwe zima. Pauma wapi? Kulia au kushoto? Kilicholeta maumivu ni nini?

"Bi Nungu," akasema, "kuanzia leo tumia hizi."

Korongo hajafika hata kwake, Chura kashaanza. Kro! Kro!

"Mmesikia? Alama elfu! Karani azishike zote kichwani! Kro! Kumwandika mgonjwa mmoja ni kutwa nzima! Kro! Na miba itamwisha Bi Nungu, abaki mgongo mtupu!"

"Umeyaona wapi hayo?" akauliza Kima.

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Aa, si ndiyo yanayosemwa!"

Bi Nungu akajipapasa mgongo. Akakata majani ya mgomba, akalifunika lile jiwe gubigubi. "Alama zangu tatu zinanitosha," akasema.

Asubuhi yake akaja Jongoo. Anakuja anachechemea, anaimba huku analia:

*Miguu yangu mia,*
*mmoja unalia;*
*tisini na tisa*
*imekataa njia!*

"Bi Nungu, nisaidie mwenzio. Mguu! Na mvua ndiyo hiyo, mawingu yameshatanda. Shimo langu liko bondeni. Nisipowahamisha wanangu kabla haijanyesha, watakufa maji."

"Pole, shoga yangu." Bi Nungu akachomoa mwiba, kwaru, kwaru, kwaru. Mistari mitatu. Mguu.

Kima akaenda, pu, pu, pu. Akarudi na kamba za kufungia mguu ulioteguka. Mguu upi? Ganda halikusema. Basi wakafunga yote! Jongoo akajaribu kutembea, kigidi, kigidi, puu! Chali! Haya, sasa cheka, Mwanakombo.

Wakamfungua. Bi Nungu akachomoa mwiba wa pili, akachora mistari ile ile. Ikaja dawa ya kuchua, wakachua miguu mia mpaka mikono ikafa ganzi. Mguu ukazidi kuvimba. Akachomoa mwiba wa tatu. Yakaja majani ya kunusa! Hata Korongo alikuwa anabahatisha sasa.

Ngurumo ikapiga, ngu-ngu-nguuu! Jongoo akamtazama Bi Nungu.

"Dada," akasema, "wanangu wafe kwa sababu ya mistari mitatu?"

Bi Nungu likamchoma lile neno, likamchoma kweli. Akakimbia kwenye jiwe, akayavuta majani ya mgomba, fyaa! Akatazama. Akatazama tena. Lahaula! Kumbe zimepangwa vizuri: miguu huku, matumbo kule. Hakuna cha kushika kichwani. Ni kuuliza mgonjwa, kutafuta jiweni, kuchora.

"Mguu wa ngapi, shoga?"

"Wa thelathini na saba, kutoka kichwani."

"Upande?"

"Kushoto."

"Umefanya nini?"

"Nimekanyaga mwiba wa mgunga, umekatikia ndani."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuniuliza?"

Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru. Alama nne, mwiba mmoja wa mgongoni. Hata mate hayajakauka, Kima kashaondoka.

Korongo akasoma, akacheka kwa sauti. "Mwiba! Mwiba haunyweshwi dawa!" Hakumpa Kima kitu. Akaruka mwenyewe, akatua, akahesabu miguu, akaingiza mdomo, chwop! Mwiba huoo!

Jongoo akashuka bondeni mbio. Wanyama wote wakamfuata, kila mmoja akabeba mtoto. Wa mwisho alipofika mlimani, mvua ikamwagika, shaaa! Jongoo akacheza kwenye matope kwa miguu yote mia:

*Miguu yangu mia,*
*hakuna unaolia!*

Kima akahesabu. "Bi Nungu, alama za zamani zimekula miba mitatu. Mpya, mmoja. Nani angebaki mgongo mtupu?"

Hapo akaja Chura, mpole kama maji ya mtungi. "Niandike na mimi. Koo linaniwasha."

"Upande gani?"

"Kotekote."

"Limewashwa na nini?"

Wanyama wote wakaitika: "Kro! Kro! Kro!"

Basi watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: mazoea yana taabu. Jambo jipya usilihukumu kwa maneno ya Chura. Lifunue, ulitazame kwa macho yako, ndipo useme. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mguu wa thelathini na saba, wa kushoto.