Tabibu na Wapasua Kokoto

Tabibu mmoja, jina lake Mbonea, alikuwa na zahanati ndogo chini ya mlima wa mawe. Watu wa pale waliishi kwa kupasua kokoto, na kila siku walimjia wakikohoa. Aliwaandikia dawa za kifua, wakapata nafuu kidogo, wakapanda tena mlimani, kisha wakarudi kwake. Miaka ikapita hivyo. Alikuwa mtu mwema; hakuna aliyetoka kwake mikono mitupu.

Siku moja matabibu waliitwa wilayani. Mkubwa wao akawaeleza jinsi dawa zinavyotolewa nchini kote, kisha akamgeukia. "Mbonea, zahanati yako inatoa dawa nyingi za kifua kuliko karibu zahanati zote nchini. Kuna nini huko kwako?"

Wenzake wakacheka. Mbonea akasikia kicheko, swali hakulisikia. Akainamisha kichwa, akaona anatuhumiwa kugawa dawa kama njugu.

Aliporudi akaanza kubana dawa. Aliyekohoa aliambiwa anywe maji ya moto na apumzike. Haukupita muda zahanati yake ikafanana na nyingine zote, na moyo wake ukatulia.

Miongoni mwa waliorudishwa alikuwamo Nakijwa, mjane aliyeshika nyundo tangu usichana wake. Alikuja, akarudishwa; akaja tena, akarudishwa; kisha hakuja. Mbonea aliposikia kwamba hainuki kitandani, alimwendea. Alimkuta ameegemea ukuta, akiivuta pumzi kama mtu avutaye ndoo nzito kisimani. Tabibu akaanza kujieleza: nchi nzima haitoi dawa nyingi kiasi kile, naye asingeweza kuwa tofauti na nchi nzima.

Nakijwa akamtazama bila hasira. "Daktari, hiyo nchi nzima nayo inapasua mawe?"

Mbonea akainuka. Alitafuta gari, akampeleka hospitali, akakaa naye hadi alipoweza kulala. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, akapanda mlimani. Akawaona wanawake wameketi katika vumbi jeupe, kope zao nyeupe, watoto wachanga wamelala migongoni mwao. Alisimama pale mpaka naye akakohoa. Ndipo alipofahamu kwamba alipowapa dawa hakuwa amewaona, na alipowanyima hakuwa amewaona vilevile.

Tangu siku hiyo, aliyehitaji dawa alipewa. Lakini tabibu aliwahimiza wanakijiji wakachimba mfereji kutoka kijito cha juu mlimani, mawe yakawa yanalowanishwa kabla ya kupigwa nyundo ili vumbi lisiruke. Wengi walinung'unika, kwa maana kazi ilikwenda polepole. Kikohozi nacho kikapungua polepole, ingawa hakikwisha.

Nakijwa alipona kiasi cha kuishi. Nyundo hakuishika tena, kwa kuwa vumbi lililokwisha kuingia kifuani halitoki. Mbonea alipomtembelea, naye alimtembelea mara nyingi, Nakijwa hakumlaumu hata mara moja. Alisogea tu kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa.

Ndugu zangu, yule mkubwa wa wilayani hakuhukumu. Aliuliza. Nawe ukiambiwa kwamba nyumba yako hailingani na nyumba za wenzako, utahangaika kuificha tofauti hiyo, au utapanda ukaone inatoka wapi?