Kwale na Alama ya X

Hapo zamani za kale, mashamba yalipokuwa hayajaanza kuitwa viwanja, Bi Kwale alitaga mayai saba katikati ya mtama. Nasema Kwale, si Kanga. Kanga ni mkubwa na ana madoa.

Asubuhi moja akasikia chwaa! chwaa! Akachungulia. Lahaula! Bwana Nyati alikuwa anapaka X nyekundu kwenye kichuguu kilichokinga kiota chake.

"Bwana Nyati! Unafanya nini?"

"Mambo ya mtama yamekwisha, mama. Hapa zinajengwa nyumba arobaini. Yangu ile pale, nimehamia jana. Chenye X, Mzee Kifaru anakibomoa mchana huu."

"Mchana huu! Mayai yangu yamebakiza siku tatu!"

"Yahamishe."

"Kwani mayai yana miguu?"

Nyati akacheka, he-he-hee! Akaenda kula, kopo la rangi akaliacha wazi.

Kwale akaduwaa. Nyumba arobaini! Kisha akairushia udongo X ya kichuguu, paru! paru! mpaka ikapotea. Akachovya bawa katika rangi, akaruka hadi kwenye mlango mpya wa Nyati. Chwap! Chwap! X ikakaa.

Kifaru akafika akihema. Macho yake, kama mjuavyo, hayaoni mbali.

"X iko wapi? Iko wapi? Ahaa, hii hapa!"

Gubu! Mlango ukaenda. Puu! Ukuta. Kacha-kacha! Paa likaanguka.

Nyati akaja mbio, nyasi zikining'inia mdomoni. "Weee! Mzee! Hiyo nyumba yangu!"

"Ina X," akasema Kifaru, akiendelea na msingi. "Mimi hubomoa chenye X. Mengine siyajui."

Nyati akaketi juu ya matofali. "Uwii! Nimelala humo usiku mmoja tu! Leo nitawalaza wapi watoto?"

"Sasa tunaweza kuzungumza, jirani," akasema Kwale kutoka kwenye mtama.

Nyati akalitazama lile bawa jekundu. Siku tatu nzima yeye na Kifaru waliokota matofali, na mtama haukuguswa. Siku ya nne vifaranga saba wakamfuata mama yao kwa miguu, maana kifaranga wa kwale hutembea siku ileile anapoanguliwa, hadi shamba la pili, ambako mtama ulikuwa bado umesimama.

Basi, wanangu, kabla hamjajenga, ulizeni kwanza ni nani anayeishi hapo.