Mkono wa Kwanza wa Itumbiko

Hapo zamani, zamani ile ambayo mtu mzima aliweza kujifungia ndani kwa aibu ya papai moja, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama kiitwacho Itumbiko. Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mvua ikianza kunyesha, hakuna aliyegusa jembe mpaka mkono wa kwanza upande. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mtu mmoja tu: mtu ambaye hajaua, hajadanganya, wala hajampa kisogo anayeomba msaada. Huyo alifukia mbegu ya kwanza, na wengine wote wakapanda baada yake.

Aliyechagua mkono huo alikuwa Nyanzala, mjane mwenye watoto watatu. Kibuyu cha mbegu kilining'inia juu ya meko yake, mdomo umezibwa kwa samadi. Siku zile kazi yake ilikuwa nyepesi, tena ya kuchekesha. Mwaka mmoja alimkataa Misana, mpiga mbiu wa kijiji, kwa sababu alichuma papai la jirani akasema limeanguka lenyewe. Misana hakuonekana barazani siku tatu.

Nyanzala alikuwa na tamaa moja, na hakuificha. Alitaka siku moja akabidhi kibuyu kwa mtoto wake mwenyewe. Aliwalea kwa tamaa hiyo. Wakigombana aliwashika viganja, akawaambia, "Mkono huu utunze, mwanangu. Nitauhitaji."

Kisha vita vikaja kutoka ng'ambo ya mto. Vikakaa misimu mitano. Vilipoondoka, nusu ya nyumba zilikuwa majivu, na watoto walikuwa wakicheza mchezo mmoja tu, wa kuchomana mikuki ya mabua.

Mvua ikanyesha. Mvua za kwanza za Itumbiko hudumu siku nne. Asiyepanda ndani ya siku hizo hana mavuno mwaka huo. Siku ya tatu mchana watu waliobaki walikusanyika uwanjani kwa Nyanzala, wamelowa, majembe mabegani. Naye alitoka na kibuyu, akauliza kama alivyouliza kila mwaka, "Nani ana mkono wa kunionyesha?"

Wakajitokeza watatu. Wote watatu walikuwa wanawe.

Mihayo, mkubwa, alinyoosha kiganja. "Mama, misimu mitano nimelinda kivuko. Nimeua, na hesabu yao sina. Wa mwisho hakuwa na silaha, alikuja kuchota maji tu. Lakini nilikuwa nimeshazoea. Hata hivyo, bila mkono huu msingekuwa na shamba la kupanda."

Vijana walimpigia makofi. Makofi yale yalimuumiza Nyanzala kuliko maneno ya mwanawe.

Kalunde, binti yake wa kati, alinyoosha kiganja. "Mama, adui alipoingia nilibaki na watu wasioweza kukimbia. Nilimpikia mkuu wao, nikamchekea, nikamwambia kila uongo aliotaka kuusikia. Walipotaka kuchoma kijiji kizima wasipopewa chakula, niliwaonyesha shimo la nafaka la mzee Lugendo. Mzee na mkewe walikufa kwa njaa. Hata hivyo, bila mkono huu msingekuwa na watu wa kupanda."

Wanawake waliinamisha vichwa, kisha mmoja akasema, "Ni kweli. Mimi ni mmoja wa watu hao."

Kashindye, kitindamimba, alinyoosha kiganja. "Mama, nilikimbia na kibuyu. Njiani nilimkuta mama mdogo amelala, mguu umevunjika. Aliniita kwa jina langu. Aliniita mara nyingi. Ningegeuka, nisingevuka mlima nacho. Sikugeuka. Hata hivyo, bila mkono huu msingekuwa na mbegu."

Nyanzala hakuwa amejua ndugu yake alikufaje. Aliambiwa ni homa. Alikaa chini kwenye tope, kibuyu mapajani.

Vijana ndio waliochoka kungoja. "Bibi, sheria ile ilikuwa ya watu walioshiba," mmoja wao alisema. "Mpe aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, tukapande."

Misana alisimama. Alikuwa amekonda, na sauti ya mbiu ilikuwa imemwisha. "Mimi nilikataliwa kwa papai," alisema. Hakuna aliyecheka. "Papai moja, jamani, na kijiji kizima kilinisikitikia. Leo watu wanasimama hapa wanataja waliokufa, na nyinyi mnapiga makofi. Mimi sitaki sheria ife. Yupo mtu asiye na doa. Yupo Milembe."

Milembe alikuwa binti wa Kalunde. Alizaliwa mwaka wa kwanza wa vita, akamaliza miaka mitano ndani yake. Hajaua, hajamsaliti jirani, hajamwacha mtu njiani. Watu walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nyuso zililegea. Hata Mihayo alisogea kando kumpisha mpwa wake.

Nyanzala aliinuka. Alibandua samadi mdomoni mwa kibuyu, akamimina mtama kidogo katika kiganja cha mjukuu wake. "Panda, mjukuu wangu," alimwambia kwa upole. "Fukia hapo, na sisi tutafuata."

Milembe alizitazama mbegu. Akawatazama watu wazima wote wale waliomzunguka. Kisha akafumba kiganja, akauficha mkono nyuma ya mgongo, akainua uso uliotulia kabisa.

"Hatuna kitu, baba," alisema. "Zimekwisha zote. Tafuta nyumba nyingine."

Hakupepesa jicho.

Watu waligeuka kumtazama Kalunde, lakini Kalunde alikuwa akimtazama mama yake. Maana maneno yale yalikuwa ya Nyanzala. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto, siku baada ya siku, kando ya meko, wakati askari walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakidai nafaka. Alimrudisha mwanzo kila alipobabaika. Na siku mtoto aliposema bila kupepesa, bibi yake alimpa kiazi cha kuchoma, akamsifu, akasema sasa amekuwa mtu mzima. Siku ile, njaa ikiwa mlangoni, aliona amefanya jambo jema. Mchana ule uwanjani alijuta.

Alipiga magoti, akamfungua mjukuu wake vidole kimoja kimoja. Mbegu zilikuwa zimemganda kiganjani. Maisha yake yote alitaka mtoto mmoja wa kumkabidhi kibuyu, na sasa mbele yake walisimama watatu, na mjukuu, na mkono wake mwenyewe ulikuwa na doa kama yao. Mawingu yalikuwa yameanza kuhamia upande wa mto.

Mtama ulipandwa, nawaambia hilo tu, kwa kuwa mpaka leo twaula. Aliyeupanda nimekatazwa kumtaja, na hata ningeruhusiwa, ningeona haya. Basi nyinyi mlioshiba, mliokaa pakavu, hebu nisaidieni: Mihayo aliyeilinda ardhi, Kalunde aliyewalinda watu, Kashindye aliyeilinda mbegu, Milembe aliyesema kama alivyofundishwa, au Nyanzala aliyemfundisha? Je, mkono wa nani ulistahili kuwa wa kwanza?