Isale Moja kwa Miguu ya Nsia

Nisikilizeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu nikifika mwisho mimi nitanyamaza na ninyi ndio mtakaosema.

Palikuwa na wanakemia watatu katika chuo kimoja. Wa kwanza aliitwa Gadieli Swai. Ni Gadieli, si Gabrieli; wengi walikosea na yeye hakuwasahihisha. Kipaji chake kilikuwa nadharia. Atomu hazifungwi kwa kamba wala kwa gundi. Hushikana kwa elektroni, vitu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Gadieli aliweza kukaa na penseli na karatasi akakuambia atomu ipi itaishika ipi, na kwa nguvu kiasi gani.

Wa pili alikuwa Rukia Kihiyo, mzaliwa wa Lushoto. Hesabu ambazo zingemzeesha Gadieli kabla hajazimaliza, Rukia alizigeuza kuwa maagizo ya kompyuta. Kwenye kioo chake molekuli zilijikunja na kujinyoosha, nawe ungeona mahali zinaposhikana na mahali zinapoachana.

Wa tatu, Yusto Rwechungura, alikuwa na mikono. Wenzake walikadiria na kuchora. Yeye alipika, akachuja, akakausha, na kilichokuwa hesabu kikawa unga mkononi.

Kwenye tambarare chini ya Kilimanjaro kuna kijiji, nacho nitakiita Ngaremuo. Maji ya visima vyake yana floridi nyingi. Floridi ikizidi huyatia meno rangi ya kahawia, na kwa mtoto anayekua huipinda mifupa. Watatu hao wakaazimia kutafuta unga utakaoishika floridi na kuyaacha maji yapite. Gadieli akaona kwa nadharia kwamba alumini, ikipangwa kwa namna fulani, ingeweza kuishika. Rukia akalitafuta umbo lililofaa kuliko yote. Yusto akautengeneza unga wenyewe. Ukatiwa katika ndoo zenye bomba, kila nyumba ikapewa yake, na watu wa Ngaremuo wakashukuru.

Bi. Anaeli Mmari alipewa ndoo wakati binti yake, Nsia, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Nsia alipofikia umri wa kwenda shule, magoti yake yaligongana na miguu ilikuwa imepinda kuelekea nje. Watoto wa majirani, waliokunywa maji ya ndoo za namna ileile, walikuwa wamenyooka. Daktari akasema ni floridi, na kwamba mifupa ile haitanyooka yenyewe.

Wanakemia wakaja. Yusto akafungulia bomba, akaonja maji, akatema.

"Magadi," alisema.

"Ndiyo, magadi," Bi. Anaeli akajibu. "Maharage ya huku hayaivi bila magadi. Natia kipande humo asubuhi, maji ya kupikia yanakuwa tayari. Kwani vipi?"

Wote watatu walikuwa wameelewa. Magadi hulegeza ule mshiko. Floridi yote ambayo unga ulikuwa umeikusanya iliachiliwa, ikateremka kwenye kikombe cha mtoto.

Wakarudi mjini. Baadaye Gadieli akawaambia habari za isale. Kwa Wachaga, isale ni jani refu la mmea unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Mkosaji hulichuma, humpelekea aliyemkosea, naye akilipokea, amesamehe. Katika ukoo wa Mmari waliishika mila hiyo kwa ukali: kosa moja lina isale moja, na hulibeba mkosaji mwenyewe.

"Basi nitabeba mimi," akasema Gadieli. "Hesabu zangu zilinionyesha kwamba mshiko unalegea kwenye maji ya magadi. Kwenye ripoti nikaandika tu kwamba unashika 'katika maji ya kawaida', nikaona nimemaliza. Nami ni Mchaga, mtoto wa Machame! Nimelelewa kwa chakula cha magadi. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua maji ya kawaida ya jiko la kule yakoje, ni mimi."

"Kaka Gadieli, usinionee huruma," akasema Rukia. "Uliyaweka magadi kwenye hesabu ulizonipa. Mimi ndiye niliyeyatoa. Kompyuta ilikuwa inakwenda polepole, watu wanasubiri, nikasema nitayarudisha tukishapata jibu. Jibu likaja zuri, tukapongezana, sikuyarudisha. Na sikuwaambia."

Yusto alicheka, lakini si kwa furaha.

"Ninyi mlikosea kwenye karatasi. Mimi nilifanya kwa mikono hii. Mnajua nilikuwa nasafisha vipi unga maabara ili niutumie tena? Kwa maji ya magadi! Kila jioni nilikuwa naitoa floridi kwa magadi, naimwaga kwenye sinki. Halafu nikampa yule mama ndoo nikamwambia, 'Usitie kitu humu.' Basi. Sikusema kwa nini."

Walibishana hadi mlangoni kwa Bi. Anaeli, kila mmoja na jani lake. Bi. Anaeli aliwasikiliza, kisha akaingia ndani na kutoka na jani la nne.

"Msifikiri mko peke yenu," alisema. "Huyu kijana aliniambia nisitie kitu. Nikajisemea, anakataza uchafu. Magadi ni chakula. Wenzangu wote walitia magadi kwenye chungu. Mimi nilitaka kupunguza kazi. Na kikombe nilikuwa namshikia mwenyewe, namwambia, 'Kunywa, mwanangu, umalize.'"

"Mama, wewe hukujua," akasema Rukia.

"Usinifutie, binti. Niachie langu."

Nsia alikuwa ameketi kizingitini, miguu yake mbele yake.

"Mbona mnagombania kosa kama watu wanaogombania nyama ya sikukuu?" aliuliza.

Gadieli akainama chini. "Kwa sababu jani ni moja, Nsia. Utakayempokelea atarudi nyumbani alale. Wengine tutabaki nalo."

"Kwa hiyo mwenye kosa kubwa ndiye atakayelala?"

"Ndivyo mila ilivyo."

"Na nisipopokea la mtu yeyote?"

Bi. Anaeli akashtuka. "Isale halikataliwi, mwanangu."

"Mama, na miguu je? Nikishapokea, nitaruhusiwa kulia tena?"

Nsia akashika nguzo ya mlango, akasimama. Magoti yake yakagusana. Mbele yake walisimama watu wanne: wa nadharia, wa kompyuta, wa maabara na wa jikoni. Laiti mmoja wao tu angefanya tofauti, Nsia angekuwa anakimbia. Majani manne yalikuwa yamenyooshwa kwake. Akaunyoosha mkono wake.

Nami naishia hapo, kwa kuwa sijui ulikwenda wapi. Semeni ninyi mnaonisikiliza: mngekuwa Nsia, mngepokea jani la nani, na wale watatu watakaobaki na majani yao mngewaambia nini?