Mabuti ya Hewa ya Mgeni

Methali nazo hugombana. Ipo inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na ipo inayosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hii ya pili wengi huitamka kwa mzaha, wakimaanisha kwamba mgeni akiingia chungu hunona, na wenye nyumba waliokuwa wakila vikavu wiki nzima nao hupata kulamba vidole. Lakini wahenga hawakusema mwenyeji ashibe. Walisema apone, na waliposema hivyo hawakuwa wakitania.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa kuwa hakuna pindo lililowahi kufumuka baada ya kupita mikononi mwake. Katika nyumba yake methali hizo mbili ziliishi chini ya paa moja. Ya jembe ilikuwa ya kwake. Ya kupona ilikuwa ya mumewe, dereva mstaafu wa malori, mtu wa masihara na maneno mengi, aliyependa wageni kama watoto wapendavyo likizo.

Mgeni wa safari hii alikuwa binti wa mdogo wa mumewe. Alikuwa mkimbiaji, na alikuja kukaa nao ili awe karibu na uwanja mkubwa, ajiandae kwa mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Nyumbani kwao walimwita Upepo tangu utotoni, maana kumtuma dukani kulikuwa sawa na kumtazama akirudi. Alifika na begi la nguo mkono mmoja na begi jeusi kubwa mkono wa pili, akaamkia kwa adabu, akaonyeshwa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya vitambaa.

Siku ya tatu ilipowadia, Bi Pindo alimkabidhi jembe lake, nalo lilikuwa pasi. Msimu wa kufungua shule ulikuwa umekaribia na chumba cha mbele kilijaa sare hadi madirishani. Upepo aliipokea pasi bila kununa. Alinyoosha mashati na sketi kila mchana alipopumzika, na marinda yakasimama yenyewe kama yamepigwa wanga. Jambo hilo lilimuudhi Bi Pindo zaidi, kwa sababu alikuwa amekwisha kujiandaa kulalamika.

Likabaki lile begi jeusi. Jioni ya kwanza Upepo aliporudi kutoka mazoezini akiburuta miguu, alikaa sebuleni, akafungua begi na kutoa mabuti mawili meusi, marefu kutoka vidoleni hadi mapajani, laini kama mifuko ya kulalia. Aliingiza miguu, akafunga zipu, akachomeka mipira miwili kwenye kisanduku kidogo na kubonyeza kitufe. Kisanduku kikaguna. Mabuti yakaanza kuvimba kwenye nyayo, uvimbe ukapanda taratibu hadi vifundoni, ukabana mashavu ya miguu, ukapita magoti, ukafika mapajani. Yalipojaa pomoni yakatulia kidogo, kisha yakashusha pumzi ndefu na kunywea. Baada ya hapo yakaanza upya kutoka vidoleni.

Mkasi ulimponyoka Bi Pindo.

"Jamani, yanapumua!"

"Ni hewa tu, Mama Mkubwa," Upepo alijibu akicheka. "Mazoezi yakiwa magumu miguu yangu inakuwa mizito kama imejazwa mchanga. Haya yanaikamua kutoka chini kwenda juu, yale maji yaliyotuama miguuni yanarudi kwenye mzunguko. Kesho naamka mwepesi. Ni mali ya klabu, mwalimu wetu wa mbio kaniazima."

"Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni," mume alisema, akasogeza kiti karibu kabisa.

Bi Pindo hakuwa mtu wa kuduwaa ovyo, lakini jioni hiyo aliduwaa. Alikuwa ameshona tangu usichana wake na hakuwahi kuona mshono unaozuia hewa. Alipitisha kidole juu ya ungio la mabuti akitafuta tundu la sindano, asione hata moja. Alitamani kumjua fundi aliyekiunga kitambaa kile, amwamkie. Alipogundua kwamba mumewe anamtazama kwa tabasamu, alikunja uso haraka.

"Na umeme unaokwenda hapo je?" alisema, akarudi kwenye cherehani.

Hata hivyo, tangu siku ile aligeuza kiti chake. Zamani alishona akielekea dirishani. Sasa alishona akielekea sebuleni, na kila mabuti yaliposhusha pumzi naye alijikuta akishusha yake.

Alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Mwaka ule alifunga mota kwenye cherehani. Kabla ya hapo alikanyaga kwa miguu kutwa nzima, na watoto wa mtaani walisema Bi Pindo amesafiri duniani kote akiwa amekaa. Mota ilimpunguzia kazi. Sasa aligusa tu kwa ncha ya kidole cha mguu wa kulia na sindano ikaruka yenyewe. Msimu wa sare ulipopamba moto, alikaa kitini toka asubuhi hadi taa zinawashwa, na mguu wa kushoto ukalala pale chini ya meza kama gogo. Mguu huo ulianza kubanwa na kiatu. Akakilaumu kiatu, akavaa ndara. Kisha soksi ikaanza kumwachia alama. Akailaumu soksi, na kwa kuwa yeye ni fundi, alichukua wembe akaifumua lastiki. Shavu la mguu lilipoanza kuuma alisema uzee unabisha hodi, akaendelea kushona, maana mteja anataka nguo yake, hana habari na mguu wa fundi.

Alipowaza mabuti yale, akayaona yanavyobana na kuachia, alijiambia kwamba dawa yake imo mle. Kilichomzuia ni kiburi. Utamsimangaje mgeni umeme, kisha umwombe huo huo? Mwishowe maumivu yalikishinda kiburi. Jioni moja Upepo alipokuwa anayavua, Bi Pindo alisimama mbele yake na kujikohoza.

"Hebu nivishe na mimi hayo maputo yako, nionje ujana."

Mume aliangua kicheko. Upepo alifurahi mno. Tangu afike, mwanamke yule alikuwa akimwamuru tu, hakuwahi kumwomba kitu. Alimkalisha kwenye kochi, akapiga magoti, akamvisha buti la kulia. Zipu ikapanda vizuri. Akamvisha la kushoto. Zipu ikapanda hadi katikati ya shavu la mguu, ikakwama.

Upepo aliishusha ili aanze upya, na hapo akaiona soksi.

"Mama Mkubwa, mbona soksi moja imefumuliwa?"

"Ilikuwa inanibana."

"Na ya pili?"

"Ya pili haina neno."

Binti aliweka kiganja kwenye mguu wa kulia, kisha kwenye wa kushoto. Akarudia tena. Uso wake, ambao sekunde chache nyuma ulijaa cheko, ulibadilika. "Ulijigonga? Ulianguka?"

"Nianguke wapi nami nimekaa kutwa? Funga zipu, mwanangu."

Badala ya kufunga, Upepo alilivua buti la kushoto. Kisha akalivua na la kulia, ambalo lilikuwa limekaa vizuri kabisa.

"Sikuvishi," alisema. "Samahani, Mama Mkubwa. Sikuvishi."

Bi Pindo hakuamini masikio yake. Damu ilimpanda kichwani. "Nimekupa chumba. Nimekupa maji, nimekupa umeme. Leo wewe unaninyima hewa?"

"Naomba futi yako."

"Futi ya nini?"

"Naomba, Mama Mkubwa. Jipime mwenyewe."

Bi Pindo aliivuta futi kutoka shingoni kwa hasira, kwa nia ya kumwonyesha mtoto huyu kwamba hajui asemalo. Aliizungusha kwenye shavu la mguu wa kulia, akasoma. Akaizungusha mahali pale pale kwenye mguu wa kushoto, akasoma. Akapima tena, polepole, kama alivyozoea kufanya pale mteja anapodai kwamba amepungua. Ilikuwa tofauti ya sentimita nne. Mtu mwingine angeiona ndogo, lakini Bi Pindo alijua sentimita nne ni kitu gani. Suruali ikikosewa kiasi hicho mguu mmoja, hurudishwa siku hiyo hiyo na maneno juu. Alikuwa amepima miili ya mtaa mzima, na wake mwenyewe hakuwahi kuupima.

"Nilipopewa haya mabuti," Upepo alieleza, "daktari wa timu alituweka kitako. Akasema miguu yote ikichoka, vaeni. Lakini ukivimba mmoja, ukawa wa moto, unauma na hujaanguka, usiuvishe, usiukande, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nilimwitikia tu wakati ule. Twende, Mama Mkubwa."

"Na sare? Kesho kutwa wanakuja kuchukua!"

Hapo mume alisimama. Masihara yalikuwa yamemtoka yote. "Mke wangu," alisema, "watoto wakikosa sare watakwenda shule na nguo za mwaka jana. Mimi nikikukosa wewe nitakwenda wapi?"

Katika miaka yote ya ndoa yao Bi Pindo hakuwahi kumsikia akisema sentensi isiyo na utani ndani yake. Aliogopa sentensi ile kuliko alivyouogopa mguu. Alichukua mtandio, wakaondoka.

Hospitalini walimlaza kitandani, daktari akampaka mguuni kitu cha baridi kama uji uliolala, akapitisha kifaa cha altrasaundi. Kiooni pakatokea kitu kama mawingu ya mvua, na katikati yake duara jeusi.

"Huu ni mshipa wako wa damu, mguu wa kulia," daktari alisema. "Sasa nabonyeza. Tazama."

Duara lile lilifumba, na alipoachia likafumbua. Lilifumba na kufumbua kama jicho. Bi Pindo alishika mdomo. Kumbe kitu hiki kilikuwa ndani yake siku zote, kikifanya kazi kimyakimya akishona, akigomba, akilala. Hakuna mshono uliomstaajabisha namna ile, na fundi wa huu alimjua, ni Muumba wake.

"Sasa wa kushoto."

Daktari alibonyeza. Duara halikufumba. Alibonyeza zaidi, nalo likabaki wazi, limejaa kitu cha kijivu.

"Hilo ni donge la damu iliyoganda," alisema. Ndipo mume, ambaye kimya kilikuwa kinamsumbua, alipoeleza habari za mabuti, na jinsi mgeni alivyokataa kumvisha. Daktari aliacha alichokuwa anafanya.

"Alikataa?"

"Alikataa, na mwenzangu huyu akamgombeza."

"Angekubali, ule mkandamizo ungeweza kuling'oa donge hili, likapanda hadi mapafuni. Watu hufa hivyo, mzee wangu, wakiwa wamekaa wanazungumza." Aliwatazama wote wawili. "Huyo mgeni yuko wapi?"

Alikuwa kwenye benchi la nje, bado na nguo za mazoezi, amesinzia huku amekaa. Mkononi alikuwa ameshika ndara ya kushoto ya Bi Pindo, aliyoiokota ilipomchopoka mguuni pale mlangoni. Bi Pindo alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, akalia. Alilia kwa kuwa yeye mwenyewe bado alikuwa hai, na kwa kuwa aliikumbuka ile pasi.

Alilazwa, akachomwa sindano, kisha akapewa vidonge vya kuzuia damu kuganda na amri ya kutokaa kitako muda mrefu. Sare zilimaliziwa na fundi jirani, kwa mishono ambayo Bi Pindo aliitazama na kunyamaza, jambo lililomfanya mumewe adhani ugonjwa umezidi. Mota ilifunguliwa ikawekwa kabatini, na miguu ikarudi kukanyaga. Upepo alikimbia mashindano yake, akachaguliwa, akaenda kambini na begi lake jeusi.

Aliporudi kuwatembelea, Bi Pindo alikuwa amekwisha kwenda hospitali mwenyewe kuuliza. Daktari alikuwa ameupima tena mguu wa kushoto, na duara lilifumba na kufumbua mbele ya macho yake. Mshipa ulikuwa umefunguka, naye akapewa ruhusa ya kuvaa mabuti. Alikaa kwenye kochi lile lile na kunyoosha miguu yote miwili, yenye soksi mbili zisizofumuliwa.

"Haya, mwanangu. Leo utanivisha, au utaninyima hewa tena?"

Upepo alipiga magoti. Zipu ya kulia ikapanda. Ya kushoto ikapanda, ikapita pale ilipokwamia siku ile, ikafika juu kabisa. Kisanduku kikaguna. Hewa ikamshika Bi Pindo vidole, ikamshika nyayo, ikapanda vifundoni na magotini kwa upole na nguvu, mfano wa mikono ya mama amkandaye mtoto baada ya kumwogesha. Ikafika mapajani, ikatulia, ikaachia. Akahisi damu yake ikienda, na macho yakamjaa machozi.

Mumewe hakuweza kustahimili zaidi. "Mke wangu, siku ya tatu ilipita zamani. Huyu tumpe jembe, au sasa tumpe trekta?"

"Mpe ufunguo wa nyumba," Bi Pindo alijibu, macho ameyafumba, hewa ikianza kupanda tena kutoka vidoleni. "Na ile methali yako naichukua. Mgeni njoo, mwenyeji apone."