Mwali wa Bi Shemsa

Pale Tanga alikuwapo Bi Shemsa, mwanamke mwenye huruma kupindukia. Mwanakheri, msichana wake wa kazi, alipika, akafua, akadeki, na kila alipoomba ruhusa ya kwenda kwao Pangani alipewa mapenzi badala yake.

"Mwanangu, kwenu ni hapa. Mimi ndiye mama yako. Mtoto anaomba likizo kwa mamake?"

"Haombi, mama," alijibu Mwanakheri, akaendelea kusugua sufuria.

Mapenzi hayo Bi Shemsa aliyatangaza hata misibani. Mtaa mzima ulijua kwamba hana mfanyakazi, ana binti.

Ijumaa moja alasiri wazee wenye kanzu safi walipiga hodi, majirani wakiwa nyuma yao.

"Tumeleta posa ya binti yako Mwanakheri," alisema mkubwa wao. "Mama yake wa Pangani kesharidhia. Amesema arusi isimamiwe hapa, kwa mama aliyemng'ang'ania."

Bi Shemsa aliwatazama majirani. Wote walikuwa wale wale wa misibani.

"Ndiyo," alisema, akitabasamu kwa taabu. "Ni mwanangu huyu."

Vigelegele vikapigwa. Kungwi akamwingiza mwali chumbani, akampaka liwa, akapiga marufuku asiguse hata kijiko mpaka siku ya arusi.

Jioni, Bi Shemsa alichungulia mlangoni, masizi yamemjaa hadi viwikoni.

"Mwanakheri, hebu nisaidie vyombo tu."

"Jamani, mama! Mwali anaosha vyombo kwao?"